Mchango wa Serikali Shambani: Nani Hustahili?

Juma hili nimeiweka kando habari ya mapishi niliyowaahidi, na sababu ni barua moja. Imeandikwa na mama wa watoto wanne, mke wa askari aliye kazini mbali na nyumbani. Mama huyu ana shamba la ekari mbili kando ya kijito, analima nyanya, nakati na kabichi, na kila kiangazi mimea humkaukia huku maji akiyaona kwa macho yake. Alihudhuria mkutano gombolola, akasikia kwamba serikali husaidia kulipia pampu na mabomba ya kumwagilia, akajaza fomu kwa furaha. Miezi ikapita. Hatimaye mhandisi wa wilaya akafika, akauliza maswali matatu: ardhi hii ni ya nani, kijito hiki hupungua kiasi gani mwezi wa pili, na fungu lako la fedha liko wapi. Hakuwa na jibu hata moja. Ardhi ni ya marehemu baba mkwe wake na haijagawanywa. Kijito hakuwahi kukipima. Na habari ya fungu la fedha ndiyo kwanza anaisikia. Mhandisi akafunga kitabu chake, akaaga, hakurudi tena. "Je," ananiuliza, "sisi jamaa za askari hatustahili?"

Mama, kilichoiangusha fomu yako si kazi ya mumeo. Mkulima asiye na askari nyumbani angeulizwa maswali yale yale, na kwa majibu yale yale angekosa. Lakini ni kweli kwamba jamaa ya askari ina vikwazo vyake, na kwa kuwa nyumba nyingi zinazosoma ukurasa huu zinafanana na yako, nitalijibu swali lako kwa kirefu.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo watu huyachanganya katika neno moja la "msaada". Iko zawadi, kama ile miche ya kahawa na maembe iliyogawiwa bure chini ya mpango wa Operation Wealth Creation, ambao baadhi yenu mnaosoma hapa mliisimamia wenyewe vijijini mkiwa katika sare. Uko mkopo, kama ule wa mpango wa maendeleo ya muluka ulioanzishwa 2022, ambao kaya hupewa shilingi 1,000,000 na kuzirudisha pamoja na riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Na uko mchango wa pamoja, ambao ndio hasa mama anaouuliza. Katika mchango wa pamoja fedha za serikali hazirudishwi, hivyo si mkopo. Lakini pia hazitoki hazina mpaka zako zimetangulia, hivyo si zawadi. Anayekwenda gombolola akidhani ni zawadi huondoka na manung'uniko, na anayedhani ni mkopo huogopa kwenda kabisa.

Mfano mmoja ni mradi uliojulikana kwa herufi ACDP, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambao sasa umekwisha. Ulihusu mahindi, maharagwe, mpunga, muhogo na kahawa. Mkulima alipata vocha kwa simu yake ya mkononi, akanunua mbegu bora, mbolea na vifaa vya kuhifadhia mavuno. Kwa kifurushi cha shilingi 450,000 yeye alitoa 148,500, yaani asilimia 33, na mradi ukatoa 301,500. Msimu wa pili waligawana nusu kwa nusu. Msimu wa tatu mambo yaligeuka: mkulima akatoa asilimia 67 na mradi 33. Wako waliolalamika kwamba serikali imewatupa mkono. Mimi naona waliopanga hesabu hiyo walikuwa na maana njema. Mtoto hushikwa mkono mpaka apate kusimama, halafu huachiwa atembee. Aliyekula faida yote ya msimu wa kwanza bila kuweka akiba ndiye aliyeanguka msimu wa tatu.

Mfano wa pili ndio uliomfikia mama yetu. Ni mpango wa umwagiliaji mdogo ulioanza 2020 katika wilaya 40, kisha ukaenea. Uliwalenga wakulima wadogo, na msaada wake haukuzidi ekari mbili na nusu, yaani hektari moja, hata kama mwenye shamba ana ardhi kubwa kuliko hiyo. Kwa pampu ya nguvu ya jua serikali ilibeba asilimia 75 ya gharama na mkulima 25. Kwa pampu ya petroli au dizeli hesabu iligeuzwa: serikali 25, mkulima 75.

Wengi huuliza kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo. Tufanye hesabu ya mfano tu, maana bei halisi hutegemea shamba lenyewe. Tuseme mtambo wa jua wa kutosha ekari moja, pamoja na tangi na mabomba, una bei ya shilingi 12,000,000. Serikali inatoa 9,000,000, wewe unatoa 3,000,000. Tuseme mtambo wa petroli kwa ekari hiyo hiyo una bei ya 4,000,000. Serikali inatoa 1,000,000, na wewe unatoa 3,000,000 zile zile. Fungu lako halikupungua hata senti, ila mmoja atanyweshwa petroli maisha yake yote. Ikiwa inakunywa lita 3 kwa siku, siku tatu kwa juma, kwa muda wa majuma 12 ya kiangazi, hizo ni lita 108. Ukiinunua lita kwa shilingi 5,000 utakuwa umemwaga 540,000 kila kiangazi. Hata hivyo petroli ina mahali pake. Kama shamba lako halina wa kulala karibu nalo, mabamba ya jua yataibwa, na pampu ndogo ya petroli unaweza kuibeba kichwani jioni ukaifungia ndani. Mwambie mhandisi ukweli juu ya ulinzi wa shamba lako kabla hujachagua.

Sasa twende kwenye yale maswali matatu, tukianza na maji, kwa sababu hapo ndipo watu hujidanganya. Mtu husema, "Maji yapo tele," maana ameyaona mwezi wa nne. Mboga za ekari moja wakati wa jua kali huhitaji maji ya kina cha milimita 5 hivi kwa siku. Ekari ina meta za mraba 4,047. Zidisha, utapata lita 20,000 kwa siku, yaani majerikeni 1,000 ya lita ishirini. Nilipowaeleza wanawake wa kikundi kimoja hesabu hii walicheka, wakadhani nimekosea sifuri. Sikukosea.

Kupima hakutaki mtaalamu. Chagua siku ya kiangazi kikali: kwa sehemu zenye misimu miwili ya mvua, mwezi wa pili au wa saba, kwa kaskazini, mwezi wa pili au mwanzo wa wa tatu. Elekeza maji ya chemchemi au kijito yaingie katika jerikeni ya lita ishirini kwa kipande cha bomba au gome la mgomba, na utazame saa. Ikijaa kwa dakika moja, unapata majerikeni 60 kwa saa, au 1,440 kwa mchana na usiku. Inatosha ekari moja na kubaki. Lakini angalia hapa: pampu ya jua hufanya kazi vizuri kwa muda wa saa tano au sita tu kwa siku. Katika saa sita chemchemi hiyo itakupa majerikeni 360 tu, na yale ya usiku yatakwenda zake bondeni, isipokuwa umechimba shimo la kuyakusanya. Kwa hiyo anayesema "nina maji" hana budi aseme pia yanakusanyikia wapi. Ikiwa jerikeni hujaa kwa dakika mbili, usikate tamaa, omba nusu ekari. Mtambo wa nusu ekari unaopata maji ni bora kuliko wa ekari mbili unaovuta tope. Andika tarehe na vipimo vyako kwenye daftari, umwonyeshe mhandisi. Mimi mwenyewe niliwahi kujaza fomu ya namna hiyo kwa ajili ya shamba la nyumbani kwetu nikakadiria umbali wa maji kwa macho, nikaandika meta 80. Kamba ilipopimwa zilikuwa 210, tena kwa kupanda kilima. Aibu niliyoipata siku ile ndiyo iliyonifundisha kutembea na kamba.

Jambo jingine juu ya maji: ardhi ya kinamasi si yako hata kama babu yako aliilima. Katiba ya 1995 imeweka maziwa, mito na vinamasi mikononi mwa serikali kwa amana ya wananchi wote. Ukionyesha shamba lililo katikati ya mafunjo, usishangae mhandisi akigeuza pikipiki yake.

Swali la ardhi ndilo gumu zaidi kwa jamaa za askari. Wako akina mama hodari wanaolima mboga nyuma ya nyumba za kambi, na bustani zao zinapendeza kuliko mashamba mengi ya vijijini. Lakini uwanja wa kambi ni wa serikali, na uhamisho ukija leo, kesho unaondoka na masufuria yako. Huwezi kuombea mtambo wa kudumu pale. Omba kwa ajili ya shamba la nyumbani.

Nalo shamba la nyumbani aghalabu lina matatizo ya aina mbili. La kwanza ni la mama aliyetuandikia: ardhi ya marehemu isiyogawanywa. Ndugu watano, kila mmoja ana neno lake, na hakuna karatasi. Serikali haitafukia mabomba katika ardhi ambayo kesho shemeji atakuja kuyang'oa. Si lazima uwe na hatimiliki kama za mjini. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba ardhi ni yako au una haki ya kuitumia, na kwamba haina ugomvi. Njia yake inajulikana. Ukoo ukutane, maafikiano yaandikwe na kutiwa saini, mwenyekiti wa LC ya kwanza atoe barua, mpate cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka kwa Msimamizi Mkuu wa Mirathi, kisha mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi. Baada ya hapo kila mtu hupata sehemu yake kihalali. Kwa ardhi ya kimila, Sheria ya Ardhi ya 1998 ilileta hati ya umiliki wa kimila, ambayo maombi yake huanzia kwenye kamati ya ardhi ya eneo. Najua safari hiyo ni ndefu na nauli ni ghali. Ndiyo maana nasema ianze sasa. Anayesubiri tangazo la mpango ndipo atafute karatasi atakuta fungu la mwaka huo limekwisha kwa jirani aliyejiandaa.

Tatizo la pili ni saini. Shamba lina jina la baba, baba yuko katika kikosi mbali au nje ya nchi, na anayelima, anayejua maji na atakayeendesha pampu ni mama. Mhandisi akimkuta mama peke yake bila karatasi, anafunga kitabu. Nawaomba waume wanaosoma ukurasa huu chini ya mahema: afande, kabla ya likizo yako kwisha, keti na mkeo mwandike barua ya ridhaa inayomruhusu kuomba, kupokea na kusimamia mtambo kwenye shamba hilo. Tieni saini nyote wawili, watie saini mashahidi wawili pamoja na mwenyekiti wa kijiji, na muiambatanishe na nakala za vitambulisho vyenu vya taifa. Ni kazi ya mchana mmoja. Nimesikia wanaume wakisema kwamba kufanya hivyo ni kumpa mwanamke shamba. La hasha. Ni kumpa ufunguo wa ghala ambalo tayari yeye ndiye anayelijaza.

Tena ridhaa ina njia mbili. Akina baba wengine, wakiisha kusikia habari ya fungu la fedha, hukimbilia kuweka rehani ardhi ya jamaa. Kwa Sheria ya Ardhi na marekebisho yake ya 2004, ardhi ambayo jamaa inakaa na kupata riziki yake haiwekwi rehani wala kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Mama, ukiletewa karatasi ya namna hiyo, isome mpaka mwisho, na kama hukuelewa usitie kidole.

Hapo tumefika kwenye swali la tatu, la fedha. Askari ana jambo moja ambalo mkulima mwingine hana, nalo ni mshahara unaojulikana tarehe yake. Shilingi 3,000,000 zinatisha zikitajwa kwa mkupuo. Zikigawanywa kwa miezi 24 ni 125,000 kwa mwezi. Jeshi lina chama chake cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana chao cha Exodus. Akiba ya fungu la shamba iwekwe huko, mbali na mkono, maana akiba iliyo chini ya godoro husikia kila kilio cha nyumbani. Na msiniambie habari za wakopeshaji wa mitaani wanaoshikilia kadi ya benki ya askari. Anayekopa kwao ili alipie pampu atamwagilia shamba la mtu mwingine. Vilevile usiuze ng'ombe wa kulimia. Utakuwa na maji, lakini udongo utakuwa haujageuzwa.

Swali la nani apokee fedha hizo ni la hatari, basi lisikilizeni vizuri. Utaratibu ulikuwa hivi: ombi hupokelewa gombolola, wataalamu hutembelea shamba, muuzaji aliyeidhinishwa hutoa makisio ya bei, mkulima huridhika, na baada ya hapo ndipo hulipa fungu lake katika akaunti ya benki ya wilaya na kupewa stakabadhi. Fedha huja mwishoni, huenda benki, wala haziingii mfukoni mwa mtu. Yeyote anayefika na pikipiki akidai "pesa ya mafuta" au "pesa ya kuharakisha jina lako", muulize jina na cheo, kisha ukaulize ofisini. Jamaa za polisi hawahitaji kufundishwa la kufanya baada ya hapo.

Barua nyingine fupi ilitoka kwa kikundi cha wake wa askari wanaotaka mashine ya kusaga mahindi. Mradi wa ACDP ulisaidia vyama vya wakulima kwa kiasi cha asilimia 67 ya gharama, wao wakatoa 33, kwa maghala na mitambo ya namna hiyo. Kwa mipango inayofanana na huo, jiulizeni haya. Je, kikundi kimesajiliwa na kina daftari la fedha ambalo mgeni anaweza kulisoma? Je, kiwanja cha jengo kina jina la kikundi, au ni cha mwenyekiti? Kiwanja cha mwenyekiti hugeuka kuwa mashine ya mwenyekiti. Je, umeme wa fezi tatu umefika pale, au nguzo ya mwisho iko kilometa mbili? Mashine ya kilowati nyingi haiwezi kuzungushwa na waya unaowasha taa. Na je, mahindi yenu hukaushwa mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5, kipimo cha Afrika Mashariki? Mahindi mabichi huota kuvu yenye sumu ya aflatoksini, na unga wake hautapata alama ya ubora ya shirika la viwango la taifa, hata mashine ikiwa mpya namna gani. Kama hamna turubai za kuanikia, anzeni na turubai. Mashine itafuata.

Narudi kwa mama yetu. Usijaze fomu mpya bado. Mwezi wa pili ukiingia chukua jerikeni na saa uende kijitoni, siku tatu mbalimbali. Mwandikie mumeo leo, umweleze habari ya mirathi ya baba yake, na umwombe awapigie simu ndugu zake yeye mwenyewe, kwa kuwa neno hilo likitoka kwako litasikika vibaya. Fungua hesabu ya akiba hata kwa 50,000. Kisha nenda gombolola umuulize bwana shamba ni mpango gani ulio na fungu kwa mwaka huu wa fedha, na ni tarehe gani majina hufungwa. Mwonyeshe daftari lako la vipimo. Na kama baba watoto atapata likizo kabla ya Krismasi, barua ya ridhaa iwe mezani siku atakapofika, maana siku ya pili wageni watakuwa wamejaa, na siku ya saba atakuwa anafunga mzigo.

Habari ya kuhifadhi nyanya kwa kuzikausha juani, ambayo ndiyo iliyokuwa itoke leo, itatoka juma lijalo.